Kupima G6PD: vipimo vinne, na kipi kinamfaa nani

Karatasi ya daktari imeandikwa "G6PD" tu. Unafika dirishani, maabara ya kwanza inakwambia subiri dakika kumi, ya pili inakwambia urudi keshokutwa, ya tatu inasema sampuli itasafirishwa, na bei hazikaribiani hata kidogo. Hakuna anayekuibia. Vipimo vinavyoitwa kwa jina hilo ni vinne, na kila kimoja kina swali lake kinalolijibu. Ukikosea kuchagua unaweza kuondoka na jibu sahihi la swali ambalo hukuuliza.

G6PD ni kimeng'enya kinachofungua njia ya pembeni ya kuchakata glukosi. Njia kuu huipa seli nishati. Hii ya pembeni hutoa NADPH, ambayo chembe nyekundu ya damu huitegemea ili himoglobini yake isiharibiwe na kemikali kali za oksijeni. Seli nyingine zina namna zaidi ya moja ya kuipata NADPH. Chembe nyekundu, isiyo na kiini wala mitokondria, ina hii tu. Kimeng'enya kikiwa dhaifu, siku za kawaida mtu haoni kitu. Akimeza dawa fulani, akiugua homa kali, akila baakala (ful ya Misri na Ghuba), au akiwa kichanga akapakwa hina au akavalishwa nguo zilizotoka sandukuni na vidonge vya naftalini, chembe hupasuka kwa wingi. Macho yanageuka manjano, pumzi inakata, mkojo unatoka mweusi mfano wa chai ya mkandaa.

Duniani watu wapatao milioni 400 wanaishi na upungufu huu wa kurithi, wengi wao katika nchi ambako malaria imekaa muda mrefu. Uligunduliwa Marekani mwaka 1956, baada ya watafiti waliokuwa wakijaribu primakwini, dawa ya malaria, kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, kuona kwamba baadhi yao, hasa weusi, dawa ileile iliyowapita wenzao salama iliwavunja damu. Maadili ya majaribio yale yanabishaniwa hadi leo, lakini kila kipimo kilichopo hapa chini kimezaliwa na swali lililotoka gerezani mle.

VIGEZO KABLA YA VIPIMO

Jiulize kwanza jibu utalifanyia nini. Anayetaka kujua kama aepuke dawa fulani anatosheka na ndiyo au hapana. Anayetaka kupewa tafenokwini, dawa nyingine ya malaria, lazima awe na namba inayoonyesha nguvu ya kimeng'enya chake. Anayetaka kujua atakachowarithisha wanawe anahitaji jeni.

Pili, anayepimwa ni nani. Kwa mwanamume karibu kila kipimo kinafaa. Kwa mwanamke mambo hubadilika, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanapotezwa.

Jeni ya G6PD imekaa kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja, kwa hiyo ama yuko sawa ama ana upungufu. Mwanamke ana X mbili, na katika kila seli yake moja huzimwa bila mpangilio. Mary Lyon aliieleza hali hiyo kwa panya mwaka 1961. Mwaka uliofuata Ernest Beutler na wenzake wakaionyesha kwa wanawake, wakitumia kimeng'enya hikihiki kama shahidi. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyerithi nakala moja mbovu ana makundi mawili ya chembe nyekundu katika mshipa mmoja: zilizo kamili na zilizo dhaifu. Uwiano wake unaweza kuwa nusu kwa nusu, au tisa kwa moja kuelekea upande wowote. Ukimpima unapata wastani. Wastani ukiwa asilimia 50, kipimo cha ndiyo au hapana, ambacho hukata kwenye takriban asilimia 30 ya nguvu ya kawaida, kitamwandikia "kawaida", na huku nusu ya damu yake inaweza kupasuka akipewa dawa kali.

Tatu, unapima lini. Chembe nyekundu ikiwa changa ina kimeng'enya kingi, na hupungukiwa kadiri inavyozeeka. Katika aina ya upungufu iitwayo A-, ndiyo iliyoenea Afrika, tofauti hiyo ni kubwa. Mtu akishavunjika damu, zilizokufa ni zile kongwe, na uboho unamwaga changa kufidia. Ukimpima wiki hiyohiyo, jibu linaweza kutoka safi kabisa. Aliyeongezewa damu naye unampima mchangiaji wake. Katika hali zote mbili subira ni ya takriban miezi mitatu. Mwenye selimundu huwa na chembe changa nyingi mwaka mzima, hivyo jibu lake la "kawaida" lisomwe kwa tahadhari kila wakati. Ndiyo maana mtu wa maabara anayeijua kazi yake atakuuliza kabla ya kukuchoma: "Dada, mtoto ameongezewa damu karibuni? Mkojo ulianza kubadilika lini?" Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Nne ni mahali na mfuko: kuna umeme na jokofu, chumba kina joto kiasi gani, jibu linahitajika leo au mwezi ujao.

KIPIMO CHA DOA LINALONG'AA

Kinavyofanya kazi. Damu kidogo huchanganywa na kemikali ambayo G6PD huigeuza ikatoa NADPH, na NADPH hung'aa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno. Mtaalamu anadondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia mwanzoni, baada ya dakika tano, na baada ya dakika kumi, anaacha yakauke, kisha anazima taa ya chumba. Damu nzima inaonyesha madoa ya samawati yanayozidi kuwaka kutoka la kwanza hadi la tatu. Damu yenye upungufu inabaki giza, au inafifia tu. Kimekuwepo tangu miaka ya 1960, na huyo Beutler aliyetajwa juu ndiye aliyekianzisha.

Kinachojibu. Ndiyo au hapana, kwa kukata kwenye takriban asilimia 30.

Kinachotaka. Pipeti, kemikali za kuhifadhiwa kwenye jokofu, kifaa cha kutunza joto, taa yenyewe, na jicho lililozoea. Sampuli moja moja huwa ghali kuliko inavyoonekana. Sampuli thelathini kwa mkupuo ni rahisi mno.

Kinapokosea. Wanawake wenye nakala moja mbovu, kwa sababu iliyoelezwa. Pia madoa ya katikati, yasiyong'aa vizuri wala yasiyo giza, ambayo wasomaji wawili wanaweza kuyaandika tofauti.

Kinamfaa nani. Hospitali yenye maabara ya kudumu na wagonjwa wengi, wanaume, na programu za kupima watoto wachanga kwa wingi. Umri wake usikufanye ukidharau; kikifanywa vizuri kwa mwanamume jibu lake ni la kutegemewa.

KITEPE CHA HARAKA

Kinavyofanya kazi. Kinafanana sana na kile cha malaria: kikasha cha plastiki, tundu la damu, tundu la maji ya dawa, dirisha dogo. Kile cha CareStart kinataka mikrolita 2 za damu ya kidole. Kimeng'enya kikiwepo, NADPH hugeuza rangi iliyomo na dirisha linakuwa zambarau ndani ya dakika kumi. Kisipokuwepo, linabaki jeupe au lenye wekundu hafifu wa damu.

Hapa kuna mtego kwa mikono iliyozoea mRDT ya malaria. Kule kutokuwa na mstari wa pili ni habari njema. Huku dirisha kubaki bila rangi ndiyo habari mbaya. Mhudumu anayesoma vikasha viwili kwa mgonjwa mmoja, foleni ikiwa ndefu, anahitaji kuandika maana yake kwa maneno palepale, asiache alama ya kujumlisha au kutoa kwenye daftari.

Kinachojibu. Ndiyo au hapana, kwa mpaka uleule wa kipimo cha doa.

Kinachotaka. Karibu hakuna. Hakuna umeme, hakuna mashine. Ila joto: kile cha CareStart kimewekewa nyuzi 18 hadi 32. Kwenye zahanati ya paa la bati huko Tanga au Kilifi, mchana wa Februari, nyuzi 32 hupitwa bila shida, kwa hiyo kipimo kifanywe asubuhi au chumba chenye hewa. BinaxNOW, kitepe kingine, kinabana zaidi, nyuzi 18 hadi 25, na kinataka damu ya mshipa. Kwa pwani yetu hicho ni cha chumba chenye kiyoyozi.

Kinapokosea. Wanawake wa katikati tena, na zambarau iliyopauka inayoacha watu wakibishana.

Kinamfaa nani. Kituo kisicho na maabara ya maana, mwanamume anayehitaji jibu leo, au timu inayozunguka vijijini.

KIPIMO CHA NAMBA

Humu mna vifaa viwili vya aina moja: spektrofotomita ya maabara kubwa, ndiyo inayochukuliwa kuwa hakimu wa vipimo vingine, na mashine ndogo ya mkononi.

Kinavyofanya kazi. Spektrofotomita hupima jinsi NADPH inavyoongezeka, ikisoma mwanga wa nanomita 340, kisha jibu hugawanywa kwa himoglobini ili mwenye damu pungufu asionekane ana upungufu asio nao. Mashine ya mkononi inayojulikana zaidi, STANDARD G6PD ya SD Biosensor, inatumia mikrolita 10 za damu ya kidole au ya mshipa na inatoa namba mbili baada ya dakika mbili: G6PD na himoglobini. Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani liliipa kibali chake cha awali cha ubora, na ndicho kipimo cha kwanza cha G6PD kukipata.

Kinachojibu. Asilimia, na hili ndilo linalokitenga na viwili vilivyotangulia. Kwenye mashine hiyo, inayohesabu uniti za kimeng'enya kwa kila gramu ya himoglobini, 4.0 au chini yake ni upungufu (chini ya asilimia 30), 4.1 hadi 6.0 ni katikati, na zaidi ya 6.0 ni kawaida (zaidi ya asilimia 70). Yule mwanamke aliyepewa "kawaida" na kitepe anaonekana hapa akiwa katikati, mahali pake halisi.

Kwa nini asilimia 70 imepewa uzito wote huo? Kwa sababu ya tafenokwini, dawa ya dozi moja ya miligramu 300 inayofukuza vimelea vya Plasmodium vivax vilivyojificha kwenye ini. Marekani iliiidhinisha mwaka 2018. Primakwini ikikuletea balaa, unaiacha. Nusu yake inatoka mwilini ndani ya saa chache. Tafenokwini ikishamezwa imemezwa, nusu yake inachukua kama wiki mbili kutoka. Basi haipewi mtu bila namba inayopita asilimia 70.

Kinachotaka. Kwa spektrofotomita: maabara kamili, mtaalamu, na sampuli iliyokaa baridi ndani ya tyubu ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Kwa mashine ya mkononi: betri, vitepe vyake, vimiminika vya kuhakiki, na mafunzo. Inavumilia nyuzi 15 hadi 40, jambo ambalo kitepe hakiwezi. Kazi yenyewe inahitaji mkono makini. Damu ichanganywe vizuri na kimiminika chake, na povu likiingia kwenye kitepe namba inaharibika.

Kinapokosea. Mipaka ya 4.0 na 6.0 haiwahusu vichanga. Wao huzaliwa na nguvu kubwa ya kimeng'enya kuliko watu wazima, kwa hiyo wanahitaji mipaka yao. Na namba huwapumbaza watu. Jibu la 6.2 la mtu aliyetoka kuvunjika damu wiki iliyopita halina thamani zaidi ya zambarau ya kitepe siku hiyohiyo. Desimali haifuti kosa la wakati.

Kinamfaa nani. Mwanamke yeyote anayekaribia kupewa dawa ya hatari, yeyote anayepewa tafenokwini, na kliniki inayotibu vivax mara kwa mara. Huko Ethiopia, Sudan na Eritrea hiyo ni kazi ya kila wiki. Tanzania na Kenya vivax ni haba, kwa hiyo mashine hii utaikuta zaidi hospitali kubwa na kwenye utafiti.

KIPIMO CHA VINASABA

Kinavyofanya kazi. Maabara inatafuta kwenye DNA yale mabadiliko inayoyajua. Kwa aina ya A- ya Afrika huanza na mawili, 202A na 376G, na nyingine huongeza 968C, ambayo imeonekana sana Senegal na Gambia.

Kinachojibu. Unachobeba na unachoweza kurithisha. Hakijali umri wala kama jana ulivunjika damu, na kwa mwanamke kinasema wazi kama ana nakala moja mbovu au mbili.

Kinachotaka. Fedha na subira. Ndicho cha bei ya juu kati ya vyote vinne, na mara nyingi sampuli husafiri.

Kinapokosea. Mara mbili, na zote mbili ni muhimu kwa wasomaji wa Kiswahili. Kwanza, kinapata kile tu kilichotafutwa. Oman takriban robo ya wanaume wana upungufu, na aina iliyotawala huko ni ya Mediterania, 563T, ambayo ni kali kuliko A-. Familia ya Unguja au Mombasa yenye babu wa Muscat na bibi wa Bagamoyo inaweza kuwa na hii, ile, au zote. Ukipeleka damu yao kwenye maabara inayotafuta 202A peke yake, "hakuna mabadiliko" haimaanishi hakuna upungufu. Uliza kabla ya kulipa: mnatafuta aina zipi? Pili, kwa mwanamke mbebaji hakisemi ni asilimia ngapi ya chembe zake ni dhaifu. Dada wawili wenye jeni sawasawa wanaweza kuwa mmoja na asilimia 25 na mwingine 80.

Kinamfaa nani. Aliyeongezewa damu na hawezi kungoja, mwenye selimundu ambaye vipimo vingine vinampa majibu yasiyoeleweka, mwanamke anayetaka kujua kuhusu uzazi wake, na daktari mwenye mgonjwa ambaye namba na dalili zake hazielewani.

KWA HALI YAKO

Unaanza dapsoni, iwe kwa ukoma au kama mbadala wa kinga kwa mwenye VVU asiyeweza septrini. Mwanamume: doa au kitepe kinatosha. Mwanamke: tafuta namba ikipatikana, isipopatikana, pimwa kwa kitepe na himoglobini ifuatiliwe wiki za mwanzo hata kama jibu ni zuri. Dapsoni haina mzaha. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya majaribio kuonyesha wenye upungufu wakishuka damu.

Una malaria ya kawaida ya hapa kwetu, ya falciparum, na umepewa dozi moja ndogo ya primakwini ya kuzuia maambukizi, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linasema dozi hiyo haihitaji kipimo chochote cha G6PD. Weka fedha yako.

Umepatikana na vivax, labda baada ya safari ya Ethiopia au Bara Hindi. Primakwini ya siku 14: kitepe kwa mwanamume, namba kwa mwanamke. Tafenokwini: namba kwa kila mtu, bila ubishi. Ukikutwa na upungufu bado kuna njia, primakwini ya miligramu 0.75 kwa kilo mara moja kwa wiki kwa wiki nane, ila iwe chini ya uangalizi wa daktari.

Wewe ni mjamzito. Hupewi primakwini wala tafenokwini hata G6PD yako ikiwa nzima, kwa sababu mtoto aliye tumboni anaweza kuwa na upungufu. Kipimo chako kinaweza kusubiri, chake kifanywe akizaliwa ikiwa upungufu umo katika ukoo.

Mtoto mchanga ana umanjano. Kama ni siku ya kwanza ya maisha yake, au unaongezeka kwa kasi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Kinachookoa ubongo ni kupimwa bilirubini (ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu) na kuwekwa chini ya mwanga wa tiba, na G6PD hufuata baadaye. Kipimo cha doa kinafaa kwake, kikisomwa kwa mipaka ya vichanga. Jibu likiwa "kawaida" na ukoo una historia, arudiwe akitimiza miezi kadhaa. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 1989 kwamba watoto wote wapimwe wanapozaliwa pale ambapo asilimia 3 hadi 5 ya wanaume au zaidi wana upungufu, na Singapore imekuwa ikitumia damu ya kitovu tangu 1965. Kwetu bado unahitaji kuomba. Na mpaka jibu litoke, bibi aiweke hina pembeni, na nguo za mtoto zisitoke kwenye sanduku lenye naftalini.

Mkojo wako mweusi sasa hivi, baada ya dawa. Acha dawa hiyo, nenda na pakiti yake hospitali, na upimwe himoglobini kwanza. Wakipima G6PD leo na kukuta upungufu, amini. Wakikuta kawaida, andika tarehe na urudi baada ya miezi mitatu. Usipoweza kungoja, omba kile cha vinasaba.